Lundo la mboji: kumbukumbu ya wiki kumi

Mradi huu ulianzia katika siku ya mazingira iliyoandaliwa na shule anayosoma binti yangu. Kwenye meza moja wanafunzi walikuwa wamekinga jagi chini ya bomba linalovuja tone moja kila sekunde, wakionyesha kuwa maji yanayopotea kwa siku hukaribia lita 20. Lililonishika zaidi lilikuwa meza ya mboji. Mwanafunzi aliyeisimamia alieleza kwamba mabaki ya jikoni yanapofukiwa jalalani na kukosa hewa hutoa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 100 hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Yakipata hewa ya kutosha, bakteria huyageuza kuwa mboji. "Mzazi, usisahau uwiano," aliniambia, nami nikaandika kwenye daftari: kaboni 30, naitrojeni 1.

Wiki ya kwanza na ya pili. Niliuelewa uwiano huo kama idadi ya ndoo. Nikakusanya ndoo 30 za majani makavu (jirani mmoja aliuliza kama nimeajiriwa kufagia mtaa), nikachanganya na ndoo moja ya maganda ya matunda na mboga, nikamwagia maji na kusubiri. Siku kumi na nne baadaye lundo lilikuwa baridi kama nilivyoliacha, na jani la juu kabisa lingeweza kurudi mtini bila mtu kushtuka.

Kosa lilikuwa langu, si la mwanafunzi. Uwiano ule unahusu kaboni na naitrojeni zilizomo ndani ya vitu vyenyewe, wala hauhesabu ndoo. Majani makavu nayo yana naitrojeni, takriban sehemu 1 kwa kila 60 za kaboni, na nyasi mbichi zina sehemu 1 kwa kila 20 hivi. Kwa kipimo cha ndoo, basi, mbili au tatu za vikavu kwa moja ya vibichi hutosha.

Wiki ya tatu. Niliongeza ndoo 12, nyingi zikiwa nyasi zilizokatwa siku hiyohiyo, nikalipandisha lundo hadi likakaribia mita moja kila upande, kwa kuwa lundo dogo hupoteza joto upesi kuliko linavyolizalisha. Unyevu niliupima kwa kiganja: ukikamua konzi moja, yachuruzike matone mawili matatu, yasizidi. Siku ya nne nilichomeka nondo hadi katikati, nikaiacha kwa dakika kumi, na nilipoichomoa sikuweza kuendelea kuishika. Kipimajoto kilisoma nyuzi 58 za Sentigredi. Joto la nyuzi 55 au zaidi likidumu siku tatu mfululizo huua mbegu nyingi za magugu pamoja na vimelea, mradi lundo lipinduliwe ili pembezoni nako kupate zamu ya kukaa katikati.

Wiki ya tano. Mvua ilinyesha usiku nikiwa sijafunika. Asubuhi uani kulinuka mayai viza, harufu ambayo humaanisha kwamba maji yameziba nafasi za hewa na bakteria wasiohitaji oksijeni wametawala. Nilipindua lote kwa uma, nikichanganya randa kavu ndoo tatu, na baada ya siku mbili harufu ilikuwa imekwisha. Tangu hapo turubai halibanduki isipokuwa ninapopindua.

Wiki ya sita hadi ya tisa hazina mengi ya kuandika: nilipindua kila wiki, joto likashuka, na lundo likanywea hadi chini ya nusu ya kimo chake.

Wiki ya kumi. Nilichekecha ndoo moja. Vijiti na maganda ya mayai vilibaki juu ya chekecheke; kilichopita kilikuwa cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo uliolowa. Binti yangu alikuwa tayari kukigawa shuleni, lakini nilimwomba tufanye jaribio kwanza: mbegu 10 kwenye kopo la udongo wa kawaida na nyingine 10 kwenye kopo la mboji, kwa sababu mboji changa huzuia mbegu kuota. Leo, siku ya sita, kwenye udongo zimeota 8 na kwenye mboji 3. Tumelirudishia lundo turubai lake, na jaribio tutalirudia baada ya mwezi mmoja.