Nilivyoyapata maji ya rangi ya waridi kwenye mashamba ya chumvi ya Mikindani

Wanaokwambia uende masika, eti mabwawa yakiwa yamejaa ndiyo yanapendeza, wanakupotezea nauli. Mvua ikishuka inayazimua maji ya chumvi na rangi inapotea. Waridi ile huletwa na viumbe wadogo wanaostahimili chumvi kali: mwani uitwao Dunaliella salina, unaojikinga na jua kwa karotini, rangi ile ya karoti, pamoja na arkea wekundu, vijidudu vinavyofanana na bakteria, jamii ileile inayolipa wekundu Ziwa Natron. Kwa hiyo mimi hulenga Septemba na Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa.

Bodaboda kutoka Mtwara mjini ni elfu chache, mpatane. Ukifika toa shikamoo, mwombe ruhusa msimamizi, ndipo upande tuta.

Kosa la wengi ni kuishia bwawa la kwanza, lile linaloingiza maji ya bamvua, bahari inapojaa sana. Pale ni bahari tu, na rangi ni ya bahari. Mimi nilibeba yai bichi na kopo la plastiki. Chota maji, tumbukiza yai. Kwenye maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, linazama. Songa bwawa hadi bwawa, chumvi ikizidi kila hatua. Likianza kuelea, chumvi imeshapita gramu 100. Usisimame hapo, maji bado ni ya kijani au kahawia. Mbele utaona ukoko mweupe mgumu sakafuni. Hiyo ni jasi, madini ambayo huganda kabla ya chumvi. Yai likitokeza kipande kizuri juu ya maji, umekaribia gramu 300, chumvi iko njiani kuganda, na hapo ndipo pa kutafuta waridi. Yai liwe jipya! Viza huelea hata kwenye maji ya kisima, litakudanganya tangu mwanzo. Na usiihukumu rangi kwa kuangalia ndani ya kopo; maji machache huonekana meupe, rangi inataka bwawa zima.

Nenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mchana upepo wa baharini unakoroga uso wa maji na huoni kitu. Jua liwe mgongoni. Kama una miwani ya jua ya polaroidi, weka kioo chake mbele ya kamera ya simu, ukizungushe taratibu hadi mng'ao ufifie; waridi inajitokeza ghafla, na picha haihitaji kuongezwa rangi.

Vaa viatu vilivyofunika mguu, maana maji yale kwenye kidonda yanaunguza. Usikanyage kingo laini za tuta: likibomoka, maji ya mabwawa mawili yanachanganyika na kazi ya wiki kadhaa ya watu inaharibika. Simu ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka, kwani ikikauka inakwaruza lenzi.