Ukichemsha maji, floraidi inabaki

Chemsha lita 5 za maji yenye miligramu 6 za floraidi kwa lita mpaka zibaki lita 4. Floraidi yote bado imo sufuriani, na sasa ni miligramu 7.5 kwa kila lita. Moto unaua vijidudu, lakini floraidi ni madini yaliyotoka kwenye miamba ya volkano. Kuzunguka Mlima Meru mkoani Arusha, kama kata za Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji maangavu kabisa huwa nayo tele.

Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi, na naamini watoto ndio waliolipia. Jino huharibika likiwa bado ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8. Linapochomoza na madoa ya kahawia, mswaki hauyatoi. Maji ya miligramu 3 hadi 6, yakinywewa miaka mingi, huanza kudhuru mifupa. Yakipita miligramu 10, mgongo na viungo vinaweza kukakamaa hadi mtu akalemaa. Mtoto mdogo huhifadhi mwilini hadi asilimia 80 ya floraidi iliyoingia kwenye damu, mtu mzima karibu nusu. Kwa hiyo maji machache salama mliyo nayo, wapeni watoto kwanza.

Magadi nayo yana floraidi. Loweka maharage au makande usiku kucha ili yalainike, uache kuyatia magadi.

Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe linanasa floraidi vizuri, likitengenezwa sawasawa. Mifupa huchomwa kwa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, bila hewa nyingi. Ikiiva nusu, maji yananuka nyama na kuwa na rangi; ikiungua hadi kuwa myeupe, hainasi tena vizuri. Tatizo kubwa ni kwamba mkaa ukichoka, yaani ukiwa hauwezi tena kunasa floraidi, ladha ya maji haibadiliki hata kidogo. Piga hesabu: kilo 10 za mkaa, zikinasa miligramu 2 za floraidi kwa gramu, zinabeba miligramu 20,000. Maji ya miligramu 10 yakishushwa hadi 1, unapata takriban lita 2,200, yaani siku 110 kwa lita 20 kwa siku. Pima maji yanayotoka kabla ya siku hizo, kwa sababu mkaa wa kila mtengenezaji hutofautiana.

Chujio litumike kwa kunywa na kupikia tu. Kuoga na kufua havihitaji.

Mimi ningeanza na mvua, ambayo karibu haina floraidi. Mwaga maji ya kwanza yanayoosha bati. Lita 20 kwa siku, kiangazi cha siku 150, ni simtanki la lita 3,000.