Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Somo: 1 Samweli 2:18–21, 26

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Tumezoea kuhubiri machozi ya Hana kule Shilo na nadhiri aliyoweka ya kumtoa mwanawe kwa Bwana, kisha tunarukia usiku ule Samweli anapoitwa kwa jina. Katikati pamebaki mstari ambao wengi tunaupita mbio: mamaye alikuwa akimshonea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu.

Aliyewahi kumshonea mtoto anaijua kazi iliyomo humo, hasa mtoto asiyekuwepo nyumbani kupimwa. Ukikata kwa kipimo cha mwaka jana, mabega yanabana na mikono inaishia karibu na kiwiko. Kwa hiyo mshonaji mwenye busara huongeza urefu, huacha nafasi kwenye mshono wa ubavuni, na chini huweka upindo wa vidole vinne ili ukunjuliwe mtoto akirefuka. Maandiko hayasemi Hana alikadiriaje. Yanasema tu kwamba kila mwaka alikuja na kanzu, na ili aje nayo ilimbidi akubali kwanza kwamba yule aliyemwacha siye atakayemkuta.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapokwama. Tunalalamika kwamba watoto wanakua upesi, lakini mkononi tumeshika kanzu ya mwaka jana.

Kasi yenyewe si ya kufikirika. Mtoto anayezaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi huongeza karibu 25 katika mwaka wa kwanza. Uzito wake huwa mara mbili akikaribia miezi mitano, na mara tatu akitimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kama sentimita 12, kisha mwendo hupungua hadi 5 au 7 kwa mwaka mpaka karibu na balehe. Yaani mbio kubwa kuliko zote hukimbiwa wakati mzazi ana usingizi mwingi kuliko kumbukumbu. Hana naye alikuwa na muda mfupi, kwa kuwa alimpeleka Samweli baada ya kumwachisha ziwa. Na kuhusu muda wa kunyonyesha zamani zile, kitabu cha pili cha Wamakabayo (7:27) kinamtaja mama aliyenyonyesha miaka mitatu.

Mwili ukipunguza mwendo, tunadhani mambo yametulia. Kumbe ukuaji umehamia ndani. Wa miaka minne anauliza Mungu analala saa ngapi. Wa miaka minane anauliza kwa nini babu aliombewa na bado akafa. Tukimjibu huyu wa pili kwa sauti na maneno tuliyompa akiwa na minne, hatabishana nasi. Ataacha kuuliza, na sisi tutasema ametulia.

Kwa hiyo sala ya nyumbani nayo ipimwe upya. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anatosheka na sentensi moja ya kushukuru kwa kitu anachoweza kukigusa: maji, blanketi, kidole cha mama. Zidisha dakika moja, umempoteza. Akifika minne au mitano, mpe habari moja ya Biblia kwa dakika tano, halafu yeye akusimulie. Akikosea, usimkatize katikati; mara nyingi anapokosea ndipo palipomgusa. Akishajua kusoma, asome mwenyewe mistari mitano na mzazi asikilize. Na yule anayekaribia utineja anahitaji kusikia mzazi akisema, "Hilo silijui, tulitafute pamoja." Kosa la kawaida hapa ni kurefusha sala kadiri mtoto anavyorefuka. Kinachopaswa kuongezeka ni nafasi yake ya kusema.

Hata Yusufu na Mariamu walijikwaa hapa. Luka 2 inasema walitembea mwendo wa kutwa wakidhani kijana yumo msafarani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Waliendelea kumtafuta kwa jamaa na wenzao, mahali ambapo mtoto angekuwa. Siku ya tatu wakamkuta hekaluni kati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza. Mariamu hakuelewa jibu alilopewa, lakini aliyaweka yote moyoni. Huzuni ya kuona mtoto anakutoka mikononi si ukosefu wa imani.

Zaburi 90 inaomba tufundishwe kuzihesabu siku zetu. Tuhesabu basi. Miaka 18 ni siku 6,570 na ushei. Mtoto wa miaka minne hulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Ondoa saa nane za shule na kazi, ondoa kuoga, kula na safari. Kinachobaki ni kidogo kuliko tunavyojiahidi kila Jumapili. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 6:7 haidai saa za ziada. Inataja uketipo, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo, nyakati ambazo tayari unazo. Anza na ulalapo: dakika ishirini, simu ikiwa chumba kingine. Kuilaza kifudifudi kando ya kitanda hakusaidii, kwa sababu ikitetemeka macho yako yataifuata, na mtoto anayasoma macho kabla ya kusoma herufi. (Picha elfu moja alizopigwa akilala hazihesabiki kama dakika hizo.)

Wiki hii tunapendekeza jambo moja. Mpime mtoto kwenye fremu ya mlango, na mfanye hivyo kila mwaka tarehe ileile. Avue viatu, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe, visigino na mgongo viguse ubao, macho yatazame mbele, maana akiinua kidevu kipimo kinaharibika. Weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa, pembe yake ikigusa fremu, uchore mstari chini yake na kuandika tarehe. Chagueni asubuhi au jioni na mbaki hapohapo, kwa kuwa mtu huamka mrefu kuliko alivyolala, tofauti inayoweza kufika sentimita moja.

Kabla hajaondoka ukutani, weka mkono kichwani pake umbariki kwa jina lake, ukitaja jambo moja ambalo mwaka jana hakuliweza na sasa analiweza. Kisha ageuke aone mstari. Atauliza ule wa zamani uko wapi. Mwonyeshe kwa kidole.