Siku Moja ya Kocha wa Viungo, Heerenveen

Saa 1 asubuhi nafungua jim. Heerenveen, kaskazini mwa Uholanzi, ndiko uliko uwanja wa Thialf, na watu wa mbio za kuteleza kwenye barafu wanauenzi mji huu. Lakini ni Juni. Barafu haimo kwenye ratiba yetu; sasa ni vyuma, baiskeli na mazoezi ya nchi kavu.

Watelezaji wangu wanapoingia nauliza mgongo kwanza, halafu usingizi. Mtelezaji hushindana akiwa ameinama, kiwiliwili kimelala karibu sambamba na barafu, kwa sababu upepo humzuia kuliko barafu yenyewe. Mgongo ukiwa umekaza leo, uzito mkubwa unasubiri siku nyingine.

Saa 2:30, skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito. Hapa nina msimamo: uzito mkubwa haunivutii kama mtu hawezi kubaki chini akiwa amechuchumaa. Barafuni goti hukunjwa hadi kati ya nyuzi 90 na 110, na mkao huo hubana damu isifike vizuri kwenye paja, kwa hiyo miguu huwaka moto mapema. Anayeungua huinuka. Akiinuka tu, upepo unamkamata na msukumo wake unafupika. Ndiyo maana skwati zangu zina kutulia chini sekunde kadhaa kabla ya kupanda, na nyingi ni za mguu mmoja, maana barafuni miguu husukuma kwa zamu. Kisha tunaruka kushoto na kulia, kwani mtelezaji husukuma kuelekea ubavuni. Mashavu ya miguu nayo yana fungu lake. Tangu viatu vya klapu, vyenye bawaba mbele, vitawale mwishoni mwa miaka ya 1990, kisigino huachana na ubapa wa chuma ulio chini ya kiatu, na kifundo humalizia msukumo huku ubapa ukiwa bado barafuni.

Saa 4:30, kona. Mbio zote huzunguka kushoto, mguu wa kulia ukivuka ule wa kushoto. Mmoja anafunga mkanda kiunoni, mwenzake anashika kamba, na mwenye mkanda anaegemea na kuvuka hatua kwa hatua. Mwishoni tunageuza upande, nyonga zisije zikapishana nguvu.

Mkate, jibini, mayai, usingizi mfupi.

Saa 8 mchana, baiskeli kwenye barabara tambarare za Friesland, upepo usoni. Mtelezaji Nils van der Poel wa Sweden alishinda mita 5,000 na 10,000 kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, kisha akaweka programu yake wazi kwa kila mtu: saa nyingi mno za baiskeli. Namheshimu sana kwa ukarimu ule. Hata hivyo vijana wangu wa mita 500, mbio ambazo wanaume bora humaliza chini ya sekunde 35, nawarudisha mapema. Wao wanahitaji miguu yenye mlipuko, na saa nyingi za baiskeli zingeifanya mizito. Wa masafa marefu wanaendelea bila mimi.

Saa 11 jioni, kuigiza mtelezo mbele ya kioo. Binti mmoja, ambaye asubuhi alinyanyua kuliko wenzake wote, anaanza kupandisha makalio kwenye seti ya nne. Namsimamisha hapohapo. Kwenye daftari napunguza uzito wake wa wiki ijayo na kumwongezea muda wa kukaa chini. Ananiuliza kwa nini, namwonyesha video, anatikisa kichwa kukubali.