Nyaya nne za breki ya trela

Kontrola ya breki za trela, kifaa kinachofungwa ndani ya gari ili kipeleke umeme kwenye breki za trela dereva anapofunga breki, hutoka kwenye boksi lake na nyaya nne tu: mweusi, mweupe, mwekundu na wa buluu. Ni rahisi kuiangalia kazi ya kuifunga ndani ya SUV ukaona ni ya saa moja. Shajara ya leo nataka niitumie kuzitafakari nyaya hizo moja moja, kwa sababu kila ninapoiwaza kazi hii narudi palepale: thamani ya kontrola, hata iwe nzuri kiasi gani, haizidi ubora wa njia inayoupitisha umeme hadi kwenye magurudumu.

Ndani ya dramu ya trela yenye breki za umeme hakuna mafuta ya breki. Kuna sumaku iliyokaa kwenye mkono wa chuma. Ikipata umeme hujibandika kwenye uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo, mkono unageuka na kuzisukuma brekishuu. Kadiri ampea zinavyopanda ndivyo breki inavyoshika. Hii ndiyo sababu trela iliyosimama haiwezi kupimwa breki kwa kuisukuma kidogo: dramu isipozunguka, sumaku haina cha kuiburuta.

Sumaku ya dramu ya inchi 10 au 12 huvuta ampea 3 hadi 4 ikipata volti 12 kamili. Ekseli moja, yaani breki mbili, ni ampea 6 hadi 8. Ekseli mbili ni 12 hadi 16. Ukiziweka hesabu hizo kichwani, mengi ya mbele yanajieleza yenyewe.

Tuanze na unene wa waya, maana hapa ndipo breki huibiwa kimyakimya. Kutoka betri hadi chini ya dashibodi, kisha kutoka hapo hadi soketi ya nyuma, SUV ya kawaida hula mita 7 hivi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa kufungia taa, una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa kila mita. Pitisha ampea 12 kwa mita 7 na utapoteza volti 1 njiani, kabla hujahesabu waya wa kurudia. Waya wa milimita mraba 6 kwa urefu uleule unapoteza robo ya volti tu. Tatizo la waya mwembamba ni kwamba hauleti kosa lolote la kuonekana. Kioo cha kontrola kitaandika kwamba imetoa nguvu yote, na ni kweli imetoa. Iliyopotea imegeuka joto ndani ya waya. Kwa ekseli mbili ningefunga milimita mraba 6, au geji 10 kwa kipimo cha Marekani, kwenye nyaya tatu zinazobeba mzigo: mweusi, mweupe na wa buluu. Kwa ekseli moja milimita mraba 4 inatosha. Waya mwekundu ni wa ishara tu, kwa hiyo mwembamba unamfaa.

Waya mweusi unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Usiuchukue kwenye soketi ya kuwashia sigara wala kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho ndani ya gari, kwa sababu njia hizo hazikutengenezwa kwa mzigo huu. Karibu kabisa na betri weka sakiti breka inayojirudisha yenyewe: ya ampea 20 kwa breki 2 hadi 4, ya ampea 30 kwa breki 6 hadi 8, isipokuwa karatasi ya kontrola yako iseme vinginevyo. Upande ulioandikwa BAT unaelekea betri. Wengine huweka fyuzi ya kawaida, nami siafiki. Fyuzi ikikatika katikati ya mteremko, breki za trela zimekwisha hadi usimame na kuibadilisha, ilhali breka hupoa na kuufunga mzunguko tena. Karibu na betri nasema kwa makusudi: kipande cha waya kilicho kati ya betri na breka hakina kinga yoyote, na kikichunika kwenye bati la gari kitawaka.

Mweupe ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nao unadharauliwa kuliko wote. Skrubu yoyote ya bati chini ya dashibodi inaonekana kama inatosha, na kwa taa ndogo ingetosha. Kwa kontrola, peleka waya huo hadi hasi ya betri, au kwenye boliti nene ya chesisi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kikang'aa. Magari mengi ya sasa yana kihisi cha mkondo kilichobanwa juu ya teminali ya hasi. Kwenye gari la namna hiyo funga mweupe upande wa chesisi wa kihisi, si juu ya teminali yenyewe, ili kompyuta ya gari iuhesabu mkondo unaopita. Dalili za athi mbovu ni za kipekee: kioo cha kontrola hucheza unapokanyaga breki, au breki za trela hulegea taa zinapowashwa.

Sasa waya mwekundu. Huu ndio unaoiambia kontrola kwamba dereva amekanyaga pedali. Unaungwa kwenye waya wa swichi ya taa za breki, juu ya pedali, upande ule ambao hauna umeme mguu ukiwa mbali na una volti 12 mguu ukiwa juu yake. Pima kwa multimita, ufunguo ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa, taa kubwa zikiwa zimewaka na zikiwa zimezimwa, indiketa za hatari zikiwa zinapiga. Waya sahihi unajibu pedali peke yake katika hali zote hizo. Usitumie taa ya kupimia yenye balbu. Balbu huvuta mkondo, na chini ya dashibodi kuna nyaya za kompyuta na za mifuko ya hewa zisizotakiwa kuguswa hivyo. Plagi za rangi ya njano mara nyingi ni za mifuko ya hewa. Ziache kama ulivyozikuta.

Mitego ya mwekundu ni mitatu. Ukiunga upande wenye umeme wakati wote, kontrola itaamini pedali imekanyagwa daima, na dramu zitapikika barabarani. Ukiunga kwenye waya wa taa ya nyuma katika gari ambalo balbu moja hufanya kazi ya breki na ya indiketa, trela itakuwa ikishika na kuachia kila unapowasha indiketa. Mtego wa tatu ni wa magari mapya, nao ndio unaonifikirisha zaidi. Katika magari hayo swichi ya pedali haiwashi taa. Inapeleka ishara ndogo kwa kompyuta, kompyuta ndiyo inayowasha. Baadhi yana saketi mbili ndani ya swichi moja, moja ikifunguka nyingine inapofungwa. Kuna pia gari linalojifungia breki lenyewe likiwa kwenye mwendo wa kujiongoza, bila mguu wa mtu kugusa kitu. Kontrola iliyoungwa kwenye swichi haitajua kwamba gari linapunguza mwendo, na trela itakuja kulisukuma kwa nyuma.

Kwa magari hayo mahali pa kufikiria ni waya wa taa ya breki ya katikati, ile ya juu ya kioo cha nyuma, kwa sababu inawashwa baada ya kompyuta kuamua na kwa kawaida haichezi na indiketa. Lakini hata hapo fungua kwanza mchoro wa umeme wa gari lenyewe. Kontrola nyingi hurudisha umeme kupitia mwekundu ili taa za breki ziwake dereva anapovuta kiwiko cha kontrola (mkono wa kushikisha breki za trela bila kukanyaga pedali), na kompyuta inayoichunga saketi hiyo inaweza kuuona umeme huo kama hitilafu. Na kama kiwanda kiliacha plagi ya kontrola chini ya dashibodi, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyotoka na vifaa vya kuvutia trela, nunua waya wa kuunganishia uliotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na usikate kitu. Sioni fahari yoyote katika kukata waya ambao kiwanda kimekwisha kukuepusha nao.

Wa buluu unakwenda nyuma hadi soketi ya pini 7, na njiani hauungwi na kitu kingine. Upitishe kando ya chesisi, mbali na bomba la moshi na sehemu zinazocheza, ukiubana kila sentimita 40 hivi. Katika soketi ya Marekani ya pini bapa, buluu ni breki, mweupe athi, mweusi chanya ya betri, kahawia taa ndogo, njano kushoto, kijani kulia, na ya katikati taa ya rivasi. Trela zilizofungwa nyaya kwingineko hazifuati rangi hizo, kwa hiyo linganisha pini kwa kazi yake kwa kupima, usiiamini rangi.

Kuhusu kazi ya mikono nitasema machache. Ondoa hasi ya betri kwanza, subiri dakika kadhaa umeme wa mifuko ya hewa uishe, ndipo ufungue dashibodi. Kwenye bati linalotenganisha injini na kabini pita kwenye tundu lenye mpira. Tundu tupu hukata ngozi ya waya kwa mtetemo. Viungio vya kubana vyenye mpira unaosinyaa kwa joto vinadumu. Vile vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya havifai kwa ampea hizi. Kontrola yenye kihisi cha mwendo, inayopima jinsi gari linavyopunguza kasi, ifungwe imara, ikitazama mbele, ndani ya pembe inayoruhusiwa na karatasi yake. Isipofungwa imara, kila bonde la barabara italisoma kama breki. Na popote itakapokaa, isifike goti la dereva wala njia ya mfuko wa hewa.

Kupima ndiko kunakoachwa nusu. Volti 12 kwenye pini ya buluu bila trela hazithibitishi chochote, kwa kuwa hata waya uliobaki uzi mmoja utazionyesha. Kontrola nyingi pia hutoa umeme kwa mapigo ya haraka, na nyingine hazitoi kitu hadi zihisi sumaku. Unganisha trela, vuta kiwiko hadi mwisho kwa nguvu ya juu kabisa, na uzungushie waya wa buluu mita ya koleo inayosoma mkondo wa moja kwa moja. Trela ya breki nne zinazovuta ampea 3.2 kila moja inapaswa kukuonyesha karibu 13. Ukiona 9 au 10, kuna sumaku moja haipati umeme. Zote zikivuta kidogo kidogo, tafuta athi mbovu au waya mwembamba. Ampea zikizidi sana au kontrola ikilalamika kuhusu shoti, angalia kwanza waya unaopita ndani ya bomba la ekseli: unasuguana na chuma kwa miaka hadi ngozi inaisha, na mara nyingi shoti hutokea trela ikiwa inatembea tu.

Nguvu ya kontrola hupangwa trela ikiwa na mzigo wake wa kawaida, barabara kavu, tambarare na isiyo na watu, breki zikiwa zimeshapashwa moto. Nenda kilomita 40 kwa saa, vuta kiwiko peke yake bila kukanyaga pedali, ongeza nguvu kidogo kidogo hadi magurudumu ya trela yakaribie kujifunga, kisha rudi nyuma hatua moja. Mzigo ukibadilika sana, panga upya. Breki mpya hazitatoa nguvu yake yote hadi brekishuu zizoeane na dramu, kwa hiyo usikimbilie kuilaumu kontrola siku ya kwanza. Pia hakikisha brekishuu zimekazwa: inua gurudumu, kaza kigurudumu cha meno kinachosogeza brekishuu hadi uzito wa kuzungusha uwe mkubwa, kisha legeza taratibu hadi gurudumu la trela lizunguke huku brekishuu zikiligusa kidogo tu. Brekishuu zilizo mbali na dramu huifanya sumaku yenye ampea kamili ionekane dhaifu.

Imebaki swichi ya dharura ya trela, ile yenye kamba inayochomoka trela ikiachana na gari. Ina betri yake ndogo juu ya trela, nayo inahitaji kupimwa kwa volti na kwa kuvuta kile kipini huku gurudumu lililoinuliwa likizungushwa kwa mkono. Kabla ya kukivuta, chomoa plagi ya trela kwenye gari. Ukiiacha, umeme wa betri ya trela utarudi kwa waya wa buluu hadi ndani ya kontrola, na unaweza kuiua kabla haijavuta trela hata kilomita moja.