Kabla ya kilomita 42 nilivuka ziwa kumuuliza shangazi

Nilipofikisha miaka 44 niliamua kwenda Moshi kukimbia kilomita 42. Mpaka hapo nilikuwa mtu wa kilomita 6 za alfajiri, Kirumba hadi Capri Point na kurudi, jijini Mwanza, karabai za wavuvi wa dagaa zikiwa bado zinawaka ziwani. Sasa nilitaka mazoezini nifikie kilomita 30 kwa mkupuo mmoja. Mke wangu akasema, "Baba Neema, kapime moyo kwanza."

Nikaenda zahanati moja ya mjini. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, nikavishwa kifaa cha presha nikiwa bado nahema, huku mhudumu ananiuliza habari za kazi. Ikasoma 148 kwa 92. "Ni ngazi tu hizo," akasema, akagonga muhuri kwamba niko fiti. Swali la afya hakuniuliza hata moja. Karatasi nilikuwa nayo mkononi, ila moyo haukutulia.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye kliniki ya moyo. Pale nilikaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu haijapishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, ndipo wakapima. Nikaambiwa nipime hivyohivyo nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, niandike. Kisha daktari akauliza. Umewahi kuzimia ukiwa mazoezini? Kifua kubana unapopanda mlima? Kuna ndugu wa damu aliyepata ugonjwa wa moyo au kufa ghafla mapema, mwanaume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65?

Hapo nikakwama. Baba alifariki mwaka 1991, mimi nina miaka 11. Nyumbani tuliambiwa "alianguka tu", na neno hilo kwetu hufunga mazungumzo. Wengine walinong'ona kwamba alitupiwa kitu.

"Nenda kaulize," daktari akasema. Akanieleza kwamba kwa vijana wanaoanguka mazoezini, mara nyingi tatizo ni la kuzaliwa nalo, kwenye misuli ya moyo au umeme wake. Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon mwaka 2003, alikutwa na misuli ya moyo iliyonenepa. Ukishavuka miaka 35, tatizo kubwa ni mishipa inayolisha moyo kuziba kwa mafuta. Jim Fixx, Mmarekani aliyewahamasisha wenzake wengi kukimbia, alifia mbioni mwaka 1984 akiwa na miaka 52. Baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43.

Jumamosi nikapanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Shangazi nilimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Nilipomweleza kilichonileta, aliweka ungo chini, akakaa kimya kitambo. "Baba yako hakuanguka tu," akasema. "Wiki ile yote, akipanda kile kilima cha shambani alikuwa anasimama. Anashika hapa." Akakandamiza kiganja katikati ya kifua, kisha taratibu akakipandisha hadi kwenye taya. "Anasema jino linamuuma. Tukampa maji ya mwarobaini asukutue."

Nikamuuliza umri wa baba. Akahesabu kwa vita ya Hitla: baba alizaliwa miaka miwili kabla haijaisha. Yaani 1943. Alikufa na miaka 48. Halafu, bila kuulizwa, akamtaja baba mdogo aliyefia kwenye mtumbwi. Siku zote nilidhani alizama. "Hakuzama. Wenzake walisema aliachia kasia, akalala." Naye hakufika 50.

Niliporudi na habari hizo, daktari aliacha kuandika. Damu ilipopimwa, lehemu (kolestro) mbaya, ile LDL, ilikuwa 5.2. Akanivua viatu na kunibinyabinya ile kano ngumu ya nyuma ya kisigino, kwa sababu wenye lehemu ya kurithi wakati mwingine huwa na uvimbe pale. Mimi sikuwa nao. Presha za nyumbani nazo zilikuwa juu, wastani 142 kwa 90, na nyumbani kwangu hakuna ngazi. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya kulala kitandani ilikuwa safi, lakini alinionya kwamba mishipa inaweza kuwa imeanza kuziba na ECG ya mapumziko isionyeshe kitu.

Ndipo nikapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya kifuani. Inaanza kama matembezi, kilomita 2.7 kwa saa, ila tayari ni mlima, na kila dakika tatu wanaongeza mwendo na mwinuko. Nilishuka baada ya dakika kumi na moja, mapigo 168. Hakukuonekana dalili ya moyo kukosa damu. Nilifurahi mno, daktari akanishika bega: kipimo hiki hukamata mshipa uliobanwa sana, hakisemi kwamba mishipa haina mafuta kabisa.

Moshi mwaka ule sikwenda, na iliniuma. Nilianza dawa ya kolestro na ya presha, nikapunguza chumvi na chipsi za usiku, nikatembea kwanza, kisha nikakimbia mwendo ambao naweza kuongea bila kukatika pumzi. Baada ya miezi mitatu LDL ilikuwa 2.9. Nimeshamaliza kilomita 21, na sheria yangu ni moja: kifua kikibana, kizunguzungu kikija au taya likiuma, nasimama palepale na naenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama imebaki mita mia.

Daktari alitaka ndugu zangu wote wa damu na watoto wapimwe. Neema yuko salama. Mdogo wangu wa Geita, miaka 39, alicheka miezi miwili, mpaka shangazi alipompigia simu mwenyewe. Jumatatu anashuka stendi ya Nyegezi, na nimemsisitiza asinywe hata chai ya rangi kabla hajatolewa damu.