Siku Mzee wa Makete alipomuuliza madam digrii yake

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kimoja Iringa, nachukua ualimu, na semista ile tukapangiwa kozi ya uandishi wa kubuni. Ilikuwa Juni, na kama hujalala Iringa mwezi wa sita usiniambie habari za baridi, darasa zima makoti, wengine wamejifunika mashuka ya kimasai, na madirisha ya nyuma hayana vioo.

Darasani tulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Makete aliyekuja kujiendeleza, wote tunamwita Mzee tu. Madam, mwalimu wetu wa kozi hiyo, akikutana naye koridoni anampa shikamoo, mzee anaitika marahaba mwanangu, afu wakiingia darasani yeye ndo wa kwanza kusimama kumpokea mwalimu. Tulikuwa tunacheka sana.

Basi siku hiyo madam kaingia na hadithi zetu alizosahihisha, kabla hajazigawa mzee akanyoosha mkono. "Madam samahani, nauliza kwa heshima tu, wewe digrii yako ni ya nini?" Darasa kimyaa. Yani hilo swali tulikuwa tunaulizana hosteli kila siku, ila nani amuulize mtu aliyeshika maksi zako?

Madam wala hakukasirika. Akasema ya kwanza ualimu, Kiswahili na historia, ya pili uzamili wa isimu, yani sayansi ya lugha, tasnifu yake ilikuwa ya vitenzi vya Kihehe, na hii kozi amepewa kwa vile idara haikuwa na mtu. Mzee akashukuru, ila akasema mimi nyumbani nikiita fundi namuuliza kwanza nyumba aliyojenga iko wapi nikaione.

"Nyumba sina mzee wangu. Sijatoa kitabu."

Hapo ubishi ukaanza. Mmoja akasema Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, chuo kikuu hakusoma, mbona ndo tunamsoma sisi? Mwingine akamleta Kezilahabi, yule mwandishi wa riwaya, huyo si ana PhD ya Wisconsin. Madam akasema ndiyo, ya 1985, ila haikuwa ya kutunga, ilikuwa ya falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi, riwaya zake nyingi alishazitoa kabla. Akatuambia Marekani, chuo kikuu cha Iowa, kutunga wanafundisha kama programu kamili tangu 1936, mtu anaandika riwaya au hadithi zake na hiyo ndo tasnifu, anapewa uzamili, na vyuo vingi vya kule huo uzamili unamtosha kuajiriwa mhadhiri wa kutunga. Huku kwetu ngazi ni moja kwa wote, uzamili halafu uzamivu, yani PhD, hata kama unafundisha mashairi. Na kabla ya hapo kuna GPA, wastani wa maksi zako za digrii ya kwanza, matangazo mengi ya kazi za chuo yanataka 3.8 kati ya 5. Mimi nilikuwa na 3.4, nikaona bora nisikilize tu.

Afu akachomoa karatasi ya mzee na kuisoma kwa sauti. Ilikuwa ya mama yake, wanambeba kwenye machela kumpeleka hospitali, masika, matope. Wakambeba, wakapanda, wakateleza, wakainuka, wakafika mtoni, akafa, wakavuka.

Madam akasimama hapo hapo. "Mzee, hizi -ka- za kwenye vitenzi zinasukuma, tukio linafuata tukio, msomaji anatembea na nyinyi. Sasa mama amefariki na sentensi bado inatembea. Ulitaka iwe hivyo?"

Mzee akafikiri. "Ndivyo ilivyokuwa. Tulivuka."

"Basi iache. Ila futa 'kwa masikitiko makubwa' uliyoweka mwanzoni, haina kazi."

Mimi nimekaa kwenye madarasa mengi ya fasihi na sijawahi kusikia tena mtu akisoma sentensi namna ile. Isimu yake ndo ilikuwa inafanya kazi pale, vitenzi vyake vya Kihehe, na nadhani hata yeye hakutegemea.

Semista iliyofuata sehemu ya pili ya kozi akapewa mtu mwenye uzamivu. Tukaandikishwa fasili za riwaya, sifa za riwaya, aina za riwaya, hadithi hata moja hatukuandika. Mzee akavumilia wiki kadhaa afu akaenda kwa mkuu wa idara kuomba madam arudishwe. Akajibiwa yule sifa zake hazitoshi, asubiri akasome kwanza. Akarudi darasani anafoka kwa Kikinga, lugha ya kwao, mpaka kipindi kikaanza.